Damu Iliyojikataa Yenyewe

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, chumba chenye baridi kuliko vyote katika hospitali yetu hakikuwa cha maiti. Kilikuwa cha mashine ya kuhesabu damu. Ilikuja ndani ya sanduku la mbao, zawadi ya nchi rafiki, na nyuma yake likaja sanduku la pili lenye kiyoyozi, kwa sababu waliotuletea walisema joto la Unguja litaiua. Wengi pale walikuwa hawajapata kusimama mbele ya kiyoyozi. Ghafla kila mtu akawa na shughuli maabara. Wauguzi walileta wenyewe chupa ambazo zamani walizituma. Mpishi alikuja kuuliza saa. Mlinzi wa lango aliingia kutuamkia asubuhi, akarudi adhuhuri kutuamkia tena, akasimama mbele ya upepo ule amefumba macho kama anayesomewa dua.

Na mtu aliyejua kuiendesha mashine hiyo alikuwa mmoja tu, nami ndiye.

Sioni haya kulisema. Mama yangu alikuwa mwanamke wa Jambiani aliyefukia makumbi ya nazi pwani, akayafukua, akayapiga, akasokota kamba, na kwa kamba hizo akanisomesha mpaka zilipomshinda. Nikaja mjini nikapata kazi ya kuosha chupa za maabara. Mwaka wa Mapinduzi nilikuwa ningali naosha chupa. Serikali mpya ilipotafuta vijana wa kupeleka nje, wengi wenye vyeti walikuwa wameshaondoka kisiwani, na mimi nilikuwa nimeshajifunza kazi nzima kwa kuitazama mgongoni mwa wengine. Nilifanya mtihani, nikapita. Nilipelekwa nchi ya theluji. Nilijifunza lugha yao tangu neno la kwanza, nikasoma elimu ya damu kwa lugha hiyohiyo, nikawashinda wenyeji waliozaliwa nayo, na nikarudi na diploma. Siku niliyoshuka bandarini Malindi nilivaa suti ya sufu katika jua la saa saba, na sikuivua mpaka nilipofika Ng'ambo, ili kila aliyenijua nikiosha chupa apate kuniona.

"Mumiani karudi!" mmoja alipiga kelele barazani. Mumiani ni wale wanaosemwa kuwa hukamata watu wakawanyonya damu. "Yakhe, ficheni mishipa!"

"Ya kwako sina haja nayo," nilimjibu. "Kahawa tupu."

Baraza zima likacheka, naye akanisogezea nafasi ya kukaa.

Sasa niieleze mashine yenyewe, kwani kisa chote kimo humo. Damu huchanganywa na maji ya chumvi mpaka inakuwa nyepesi kama maji yaliyooshewa samaki. Mashine huyavuta maji hayo kupitia tundu jembamba lenye umeme. Kila chembe ikipita, umeme hushtuka, na mashine huhesabu moja. Basi. Haioni kitu. Ni kama karani wa lango la bandari aliyefungwa kitambaa machoni, akihesabu magari kwa mshindo. Likipita gari la mtu mmoja, anasema moja. Likipita lori limejaa watu, pia anasema moja.

Hilo nililijua kwa sababu nilifundishwa na walioijua. Mkuu wetu wa maabara hakutaka kulijua. Alikuwa mzee wa heshima, amefanya kazi ya hadubini tangu enzi za Waingereza, jicho moja limekwisha kwa kuchungulia. Mashine ilipofika aliingiwa na mapenzi. Hadubini aliifunika kitambaa akaitia kabatini kama mke mkubwa. Tena alikuwa na itikadi yake kwamba damu ni kama samaki, isipowekwa baridi itachina, yaani itaharibika. Kila chupa iliyoletwa kutoka wodini aliipanga kwenye sinia, na sinia akaliweka sawasawa mbele ya mdomo wa kiyoyozi.

"Mzee, damu ya mtu aliye hai haichini kwa nusu saa," nilimwambia mara nyingi.

"Wewe umesoma kwenye barafu," alinijibu. "Joto la hapa hulijui tena."

Mimi, mtoto wa Jambiani!

Basi siku moja akaletwa mchukuzi wa mizigo wa Malindi. Kijana wa miraba minne, kazi yake kubeba mapande ya barafu ya vyombo vya samaki. Alikuwa ametoka kuugua kichomi, kikohozi kimeanza kupungua, lakini sasa alikuwa mchovu na macho yamepiga umanjano. Daktari, mgeni kutoka nchi nyingine rafiki, mtu mwema mwenye Kiswahili cha miezi michache, aliagiza damu ihesabiwe. Tena aliagiza mgonjwa aletwe mwenyewe maabara, ili damu itolewe palepale kando ya mashine. Akakalishwa kwenye kiti chini ya kiyoyozi, akingoja zamu yake.

Mkuu alichukua damu, nami nikaiendesha mashine. Hesabu ilitoka kama robo ya chembe nyekundu za mtu mzima. Nikarudia. Ikatoka robo tena, imepungua kidogo.

Mkuu alimtazama mgonjwa vidole. Kucha zilikuwa zimegeuka rangi ya zambarau, na ncha za masikio vilevile.

"Unaona?" alininong'oneza. "Damu imekwisha. Mashine haisemi uwongo."

Daktari aliposoma hesabu alishika kichwa. Alisema huenda ni saratani ya damu, na iwe iwavyo, kijana atiwe damu siku ileile, la sivyo hafiki Ijumaa. Mama yake akaambiwa, na ndugu zake wakaitwa. Walikuja watatu, wote wachukuzi, wote wameshakunja mikono ya mashati wakiwa bado mlangoni.

Kabla ya kumtia mtu damu ya mwingine, unachanganya maji ya damu ya mgonjwa na chembe za anayetoa. Zikitulia, inafaa. Zikishikana vidonge vidonge, haifai, na ukilazimisha unaweza kumuua. Mkuu alifanya kazi hiyo mwenyewe, mle chumbani mwa mashine, mahali alipopapenda. Ndugu wa kwanza, chembe zikashikana. Wa pili, zikashikana. Wa tatu alikuwa kitinda mimba, kafanana na mgonjwa hata mtu angedhani ni pacha. Zikashikana kuliko za wote.

Daktari alitoka akaenda ukumbini ambako familia ilikuwa imekaa kwenye benchi. Akauliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayetafuta neno:

"Hawa ndugu kweli? Baba moja?"

Pale palikuwa na wagonjwa wengine, na jamaa zao, na muuza karanga. Kaka mkubwa aligeuza shingo polepole akamtazama mama yake. Yule bibi, mjane mfupi mwenye buibui lililochujuka, hakumtazama mtu. Alitazama mikono yake.

"Mama," kaka akasema, "daktari anauliza."

"Nimesikia anachouliza."

"Basi mjibu."

"Nimjibu nini? Nyote nimewazaa nyumba moja, kwa mume mmoja, Mungu amrehemu. Unataka nikutajie na mkunga?"

"Mbona damu zetu zote hazimkubali yeye?"

"Kaiulize damu!" alisema yule mama.

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa maabara, na nilijua mji wetu. Kabla ya alasiri neno lile lingekuwa limevuka darajani, limefika Ng'ambo, limepigiwa chumvi. Kijana angeweza kufa, na mama yake angezikwa mzima pamoja naye. Na daktari alikuwa ameshaagiza chupa ya damu ya akiba kutoka kwenye friji, itiwe ikiwa bado baridi, maana hakuona njia nyingine.

Nikamwambia daktari, "Usiitie damu hiyo. Nipe muda wa kunywa chai."

"Chai?" aliuliza.

"Wewe ndiye utakunywa. Mimi nnakwenda kuangalia jambo."

Jambo lenyewe lilikuwa limeniwasha tangu hesabu ya kwanza. Nilikuwa nimepima pia wekundu wa damu, yaani ile rangi ambayo chembe hubeba ndani yake, kwa kifaa kingine kisichohesabu chembe. Wekundu ulikuwa umepungua, lakini si sana. Sasa mtu mwenye robo ya chembe atapataje wekundu unaokaribia wa mtu mzima? Kila chembe ingebidi ijazwe kupita uwezo wake, kama kumimina vikombe vinne vya uji ndani ya kikombe kimoja. Haiwezekani. Kwa hivyo mmoja kati ya vifaa viwili alikuwa anadanganya, na mimi nilishajua ni nani asiyekuwa na macho.

Nilifungua kabati nikamvua hadubini kitambaa chake.

"Umeanza," alisema mkuu.

"Nimeanza, mzee."

Nilipaka tone la damu kwenye kioo nikachungulia. Chembe zilikuwa tele! Lakini hazikutawanyika. Zilikuwa zimeshikana mafungu mafungu, ishirini hapa, hamsini pale, kama tende zilizobanwa kikapuni. Kila fungu lilipopita kwenye tundu la mashine lilihesabiwa moja.

"Hebu chungulia, mzee."

Alichungulia kwa lile jicho zima. "Imeganda," akasema. "Hukutia dawa ya kuizuia isigande."

"Nimetia. Ikiganda haiachani tena. Hii nitaiachanisha mbele yako."

Nikazima kiyoyozi.

"We! Utaiua mashine!"

"Mashine wataleta nyingine, mzee. Yule mama, wanawe watampata wapi mwengine?"

Nikafungua madirisha yote mawili, joto la Unguja likaingia kama mgeni aliyengojeshwa nje. Jikoni nilichukua bakuli la maji ya vuguvugu, nikayapima kwa kiwiko kama wanavyopima wanaoogesha watoto. Nikatumbukiza kichupa cha damu ya mgonjwa, na chupa ya maji ya chumvi nayo nikaitia humo ipate joto. Nikangoja. Kisha nikachanganya haraka, nikaiweka kwenye mashine ileile, kwenye tundu lilelile.

Hesabu ilipanda. Ilipita nusu, ikaendelea, ikasimama palepale ambapo wekundu wa damu ulikuwa umeniambia itasimama. Mkuu alizitazama taa za namba mpaka zilipotulia.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Zikatulia mahali palepale.

"Subhana'llah," alisema mzee, akakaa.

Kule nchi ya theluji nilikuwa nimefundishwa habari hii katika somo moja, na mwalimu wetu alisema labda hatutaiona maishani. Baada ya aina fulani ya kichomi, mwili wa mtu hutengeneza kitu ndani ya maji ya damu. Kwenye joto kitu hicho hulala. Kwenye baridi huamka kikazishikanisha chembe nyekundu, za mtu yeyote, hata za mwenyewe, na baadhi yake zikavunjika. Ndio maana ya macho kuwa manjano, na kucha kuwa zambarau kila alipobeba barafu na alipokaa chini ya kiyoyozi. Katika kisiwa ambako watu hulala nje kwa joto, nani angefikiria baridi? Sisi tuliileta baridi wenyewe, tukaiweka chumbani, tukaipenda, kisha tukaitumia kuhukumu watu.

Lakini kumponya kijana ilikuwa nusu ya kazi. Nilimwita daktari, nikamwita mama, nikawaita ndugu wote watatu, na sikukataza aliyetaka kufuata. Mlango ulijaa. Muuza karanga alikuwa mbele.

Nilichukua kichupa ambacho ndani yake mlikuwa na maji ya damu ya mgonjwa na chembe za kaka mkubwa. Nilikuwa nimekiegemeza kwenye pande la barafu kutoka jikoni. Nikakiinamisha kwenye mwanga. Kila mtu aliona vidonge vyekundu vikiteremka kwenye kioo kama chenga za mchele.

"Hii ni damu yako na ya mdogo wako," nilimwambia kaka mkubwa. "Zimekataana?"

"Zimekataana," alisema, hamtazami mama yake.

"Lete mkono." Nikamtia kichupa kiganjani, nikakifumba kiganja chake. "Fumbata. Usitikise. Kibebe kama unavyobeba yai."

Alisimama amefumbata, mtu mzima wa kunyanyua magunia, jasho linamtoka. Watu walinong'ona, mmoja akauliza kama anasomewa kitu. Nilipomwambia afumbue, nikakiinamisha tena mbele ya uso wake. Vidonge vilikuwa vimekwisha. Damu iliteremka laini kama sharubati.

"Alaa!" alisema muuza karanga.

"Umefanya nini?" kaka aliniuliza.

"Mimi? Kichupa kilikuwa mkononi mwako. Umemtia joto ndugu yako, basi."

Kisha nikachukua kichupa cha pili kutoka kwenye barafu. Nikakiinamisha. Vidonge vilevile, vikubwa zaidi.

"Na hii ni ya nani na nani?" nikauliza. "Hii ni ya mgonjwa na mgonjwa. Maji ya damu yake, na chembe zake mwenyewe. Yeye na yeye. Zimeshikana kuliko zenu. Haya, niambieni, na yeye si ndugu wa nafsi yake? Damu yake imejikataa yenyewe. Sasa mama huyu naye aulizwe kama mtoto huyu ni mtoto wa mtoto huyu?"

Kitinda mimba akaanza kucheka, akafuata daktari alipokwisha kutafsiriwa, na kicheko kikatoka mlangoni kikaenda mpaka ukumbini. Daktari aliniminya mkono mbele ya watu wote, akamgeukia yule bibi akasema, "Mama, samahani. Swali baya." Na kaka mkubwa, jitu lile, alipiga magoti kwenye sakafu ya maabara akashika miguu ya mama yake, akawa anasema, "Radhi, mama, radhi," na hakunyanyuka mpaka alipogongwa kichwani kwa konzi mbili.

"Ya kwanza ya kwako," alisema mama. "Ya pili kampelekee ndugu yako wodini, aliyetuletea haya yote. Mimi sitembei tena leo."

Ile chupa ya friji ilirudi friji. Kijana alitiwa chini ya blanketi mbili katika wodi iliyokuwa kama tanuri, wenzake wa vitanda vya jirani wakamwita Mwana wa Ulaya, akapewa supu moto na akakatazwa barafu. Damu yake ilipanda yenyewe bila kuongezwa tone. Kabla ya mwezi kwisha alirudi bandarini, akapewa kazi ya kubeba magunia ya karafuu, ambayo hayana baridi.

Tangu hapo daktari hakupokea hesabu ya mashine isiyolingana na wekundu mpaka mimi niwe nimechungulia kioo. Mkuu aliiondoa hadubini kabatini akaiweka juu ya meza, mkono wa kulia wa mashine, na siku iliyofuata nilimkuta anaifuta lenzi.

Nilidhani limekwisha. Halikwisha. Yule mama alinijia maabara siku ya Alhamisi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hospitali umenisafisha. Nyumbani bado. Wifi yangu hajaamini, na yeye ndiye redio ya mtaa. Kesho baada ya sala uje Kikwajuni. Na uvae ile suti yako."

"Mama, suti ni ya sufu."

"Nshasema."

Nilikwenda, nimevaa sufu. Uwani palikuwa na mikeka imetandikwa, wanawake wa ukoo mzima wamekaa, na katikati yao dada wa marehemu mume, bibi mrefu mwenye kipini cha dhahabu na macho ya kupimia. Wale ndugu watatu walisimama ukutani, na mchukuzi wetu mwenyewe amekaa juani kwa furaha.

"Wewe ndiye mtu wa damu?" aliuliza wifi mtu.

"Mimi ndiye, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Nimesikia za watoto hawa zimekataana."

"Zimekataana kwenye baridi, na yake imejikataa kwenye baridi hiyohiyo. Kwenye joto zote zimetulia."

"Na hiyo mashine yenu iliyovuka bahari haikuyaona hayo?"

"Mashine haina macho, bibi. Macho ninayo mimi, na yana diploma."

Wanawake wakacheka. Yeye hakucheka. "Nijibu moja tu. Umeona nini humo cha kumtia doa huyu mke wa ndugu yangu?"

"Hata chembe moja," nilisema.

Mama alikuwa amekaa pembeni, mwisho wa mkeka, mahali pa mtu anayengoja hukumu yake.

"Umesikia, wifi?" akauliza.

"Nimesikia."

"Basi sema."

"Nimeshasema nimesikia!"

"Wasikie na wa njiani."

Wifi mtu alivuta pumzi, akainua shingo, akasema kwa sauti iliyovuka ukuta kwamba watoto wa ndugu yake ni watoto wa ndugu yake, na mama yao ni mke wa heshima, na mwenye la kusema aje alisemee pale. Vigelegele vilipasuka uwani, vikaitikiwa nyumba ya pili, vikaitikiwa ng'ambo ya njia na watu wasiojua hata wanaitikia nini. Yule mama aliinuka mwisho wa mkeka, akaja mpaka katikati, akasimama juu ya wifi yake.

"Haya sogea nikae," alisema. "Na unitilie kahawa."

Akasogea. Akamtilia.